Pumzi ya Gari la Mzee Benedikto

Mzee Benedikto aliingia gereji ya Umi pale Mitwero Jumanne moja ya mwezi wa saba, akazima gari, kisha akabaki ndani na mikono juu ya usukani kama mtu aliyeleta msiba.

Umi akamfuata dirishani, anajifuta oili kwa kitambaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Fundi yupo?"

"Yupo. Ndiye mimi."

Mzee akachungulia nyuma ya Umi, labda fundi mwenyewe amejificha. Alichokiona ni miguu miwili tu iliyotokeza chini ya gari aina ya Noah, imevaa ndala za rangi ya waridi.

"Na yule?"

"Yule Jenipher. Fundi umeme."

"Basi sawa," mzee akasema, akafungua mlango. "Niliambiwa fundi wa injini anayeaminika Lindi nzima yuko Mitwero, kwenye gereji yenye geti la bluu. Mengine hawakuniambia."

"Mengine yapi, baba?"

"Hayo hayo," akasema mzee, na hakuyataja.

Umi hakukasirika. Angekuwa anakasirika kwa hilo, angekuwa ameshakufa kwa presha. Alizaliwa Kitomanga, mtoto wa Abdulrahmani mwenye mashine ya kusaga, na alipokuwa na miaka kumi alikuwa akirudi kutoka shule anajua tangu barabarani kama leo kinasagwa muhogo au mahindi, na kama mkanda wa mashine umelegea. "Baba, inalia upande," alikuwa akisema kabla hata ya kutua begi. Baba yake alikuwa akicheka, kisha anakwenda kuangalia, kisha anaacha kucheka. Alipofika chuo cha ufundi alikuwa msichana peke yake kwenye darasa la injini. Akafanya kazi gereji za watu miaka minane, na katika hiyo minane, mitatu ya mwanzo alikuwa akitumwa chai na maandazi. Siku aliyochoka kubeba birika alimchukua Jenipher, wakapanga uwanja wao, wakapaka geti rangi ya bluu iliyobaki kwenye boti ya mtu. Mumewe, Amiri, alikuwa mpishi wa hoteli. Yeye alirudi nyumbani akinuka vitunguu, mkewe akinuka dizeli, na hakuna aliyeweza kumlalamikia mwenzake.

"Haya, baba. Gari linasumbua nini?"

"Halisumbui. Nataka lipumue."

Lilikuwa Mark II ya zamani, ile yenye sura ya sanduku, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Buti lake lilinuka salfa ya kupulizia mikorosho. Umi akafungua boneti, akasikiliza injini, macho ameyafumba. Silinda sita, zote zinafanya kazi, hakuna inayodanganya.

"Linapumua vizuri tu."

"Linapumua kizee," Mzee Benedikto akasema. "Sikiliza, binti. Mimi nakaa chini ya mlima, mama yangu mzazi anakaa juu, Rondo. Mdogo wangu Monika ameolewa na Hussen wa Kitomanga. Kila kukiwa na shughuli ya ukoo, tunapanda wote. Sasa nikifika kona ya pili, nasikia filimbi nyuma yangu. Fiiii! Gari jeupe, vioo vyeusi. Linanipita, linapiga honi mara mbili, linaniachia vumbi. Nikifika kwa mama mimi ni mwekundu kama tofali. Na shemeji yangu namkuta ameshakaa barazani, anakunywa chai, ananiuliza, 'Shemeji, njiani kwema?' Unaiona dharau hiyo? Mwaka wa nne huu."

"Filimbi ni ya tabo," sauti ya Jenipher ikatoka chini ya Noah.

"Ni ya nini?"

Jenipher akajivuta nje, nywele zina mchanga. "Tabo, mzee. Gari la shemeji yako lina tabo, ndiyo maana linapiga mluzi. Na wewe dawa yako ni tabo. Mbili, ikiwezekana."

"Usimpe mgonjwa dawa kabla ya kumpima," Umi akasema.

"Nimeshampima kwa sikio. Si ndivyo unavyofanya wewe?"

Mzee Benedikto aliwatazama mafundi wake wawili, akaketi juu ya tairi bovu. Alikuwa na siku nzima.

Umi akamweleza taratibu. Injini inakula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta kuyaongeza si kazi. Hewa ndiyo ngumu, kwa sababu injini inavuta yenyewe kwa kifua chake, na kifua kina mwisho. Ukitaka nguvu zaidi unatafuta kitu cha kuisukumia hewa kwa lazima. Vitu hivyo viko viwili, tabo na supachaja, na kazi yao ni moja.

"Tofauti ni nani anayezungusha," akasema. "Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Ule moshi ungepotea bure, sasa unapewa kazi."

"Bure kabisa!" Jenipher akadakia. "Uchafu unageuka nguvu. Hapo kuna ubishi gani?"

"Ubishi upo. Moshi mpaka uwe mwingi. Ukikanyaga mafuta, tabo haiji hapo hapo. Inajivuta kwanza, inavuma, ndipo inakupiga teke la mgongo. Supachaja haingoji moshi. Imefungwa mkanda kwenye injini yenyewe. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Unagusa mafuta, imeshafika."

"Na inakula," Jenipher akasema. "Mwambie na hilo. Ule mkanda unaizungusha supachaja kwa nguvu ya injini hiyo hiyo. Inakupa kumi, inajikatia mbili. Na mafuta inakunywa kama harusini."

"Ni kweli. Lakini tabo nayo inachemka moto, inataka oili safi kila siku ya Mungu, na hupaswi kuzima gari mara tu unapofika. Mpaka uiache ipoe kidogo."

Mzee Benedikto alikuwa akigeuza shingo huku na huku. Mwisho akainua mkono kama mwanafunzi. "Ipi inapiga kelele zaidi?"

"Tabo inapiga mluzi. Supachaja inalia kama cherehani yenye hasira."

"Hussen ana mluzi," mzee akasema, anafikiri. "Mimi nataka cherehani."

"Hatuchagui kwa sauti, baba," Umi akasema, ingawa moyoni alijua watu wazima wengi wamechagua kwa sababu ndogo kuliko hiyo. "Jumamosi nitapanda na wewe Rondo. Nataka kuona mlima, na nataka kuona unavyoendesha."

Jumamosi asubuhi wakaacha lami, wakaingia barabara ya vumbi jekundu inayoelekea mlimani. Umi alikaa mbele na daftari magotini. Alitaka kujua injini inafika mizunguko mingapi kwenye kona, gia ipi inashika wapi, mlima unakaba wapi. Kwa dakika tano za mwanzo aliandika vizuri.

Kisha Mzee Benedikto akamwona mtu.

"Ee, Romani! Mama anaendeleaje?" Akaondoa mguu kwenye mafuta, akatoa kichwa dirishani. Romani akasema mama hajambo, mguu tu. Mguu gani? Wa kushoto. Pole yake. Gari likaanza tena kwa gia ya kwanza, likachukua kasi, likafika gia ya pili, na hapo akatokea mama mwenye ndoo. "Brigita! Mbaazi zimetoka?" Mbaazi zilikuwa zimetoka. Kwenye kona ya kwanza walisimama kumpisha mbuzi ambaye hakuwa na haraka. Kona ya pili mzee alipunguza mwendo kwa sababu, alisema, hapo huwa anatokea mzee mmoja wa baiskeli, na ni vibaya kumpita bila shikamoo. Mzee wa baiskeli hakutokea. Benedikto alipunguza hata hivyo, kwa heshima.

Umi akaacha kuandika mizunguko ya injini. Akaanza kuweka alama ya mstari kila mguu wa mzee ulipotoka kwenye mafuta. Kutoka chini ya mlima hadi juu kabisa zilifika alama arobaini na moja.

Walipofika juu, kwenye barabara iliyonyooka kati ya miti ya mitiki, mzee akamgeukia. "Umeonaje? Mlima mgumu, eh?"

"Mlima si mgumu sana, baba," Umi akasema kwa adabu.

Aliporudi gereji alimwonyesha Jenipher lile daftari. Jenipher akatazama zile alama, akadhani ni idadi ya mashimo.

"Ni salamu," Umi akasema. "Huyu mzee, tabo yake ingekuwa ndiyo kwanza inaamka, anamwona mtu, anaachia mafuta, inalala tena. Inaamka, inalala. Angefika juu hajawahi kuionja. Huyu anataka kitu kinachokuja akigusa tu. Supachaja."

Jenipher akazihesabu tena zile alama. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo. "Kwa mlima ule na mguu ule, sawa," akasema. "Lakini juu kwenye mitiki, kwenye kilomita zile za kunyooka, tabo itampita kama amesimama. Andika jina langu hapo."

Umi akapiga simu kwa Saida wa Dar, mwanamke anayeuza injini za magari yaliyokwisha kazi Japani. Saida alikuwa nazo mbili za ukoo ule ule wa silinda sita: moja ina tabo mbili ndogo, nyingine ina supachaja. "Mama mmoja, baba mmoja," Saida akasema. "Chukua unayoipenda, dada, mimi zote wanangu." Injini yenye supachaja ikasafiri kwenye fuso la mizigo, ikafika Mitwero imefungwa magunia, na watu watano wakaishusha kwa kelele za watu hamsini.

Kabla ya kugusa injini, Umi alibadilisha breki zote nne na matairi. Mzee Benedikto alilalamika kwamba yeye ameomba gari liende, si lisimame. Umi akamwambia kwenye gereji hii kusimama kunatangulia kwenda, na asiyetaka geti halijafungwa. Mzee akarudi kukaa juu ya tairi bovu. Nyumbani alikuwa mkubwa wa ukoo, lakini alishaanza kumwogopa huyu binti kidogo, na kwa siri alikuwa akiifurahia hali hiyo.

Injini iliingia. Waya za Jenipher ziliingia. Kilichokataa ni mkanda. Kila wakiwasha, ulipiga ukelele wa nguruwe, na baada ya muda ukaruka. Umi akaukaza, ukalia zaidi. Akaulegeza, ukateleza. Jenipher akaimba wimbo wa kuisifu tabo, isiyo na mkanda. Siku mbili nzima Umi alikuwa hasemi na mtu. Siku ya tatu akaweka rula ya chuma kwenye puli zinazozungusha mkanda, ya injini na ya supachaja, akaona hazitazamani sawasawa: moja ilikuwa imesogea mbele unene wa kucha. Kishikizo cha supachaja kilikuwa kimepinda njiani, labda pale kwenye fuso. Akakinyoosha, akatia washa moja, kipete chembamba cha chuma, akafunga mkanda kwa mkono mmoja.

Wakawasha. Kilichosikika kilikuwa sauti nyembamba, yenye kujiamini, kama cherehani ya fundi aliyeahidi nguo za sikukuu.

"Inalia sawa," Umi akasema, macho ameyafumba. Akayafumbua, akamwona Jenipher anatabasamu. "Usiseme kitu."

"Sijasema," Jenipher akajibu.

Shughuli iliyokuwa ikingojewa ilikuwa kipaimara cha wajukuu wa Mzee Benedikto, mwishoni mwa mwezi wa tisa, huko juu Rondo. Mzee alisisitiza Umi aje. Kwa nje sababu ilikuwa heshima, kwa ndani alitaka mtu wa kuisikiliza injini endapo itasema neno asilolielewa. Asubuhi ya siku hiyo, wakiwa bado chini ya mlima, simu ya mzee ikalia.

"Kaka, umeshaondoka?" Ilikuwa sauti ya Monika, tamu kama asali.

"Ndiyo nataka kuanza kupanda."

"Haya kaka. Safari njema."

Mzee akakata simu. "Mdogo wangu ana upendo," akamwambia Umi. "Kila safari ananipigia kujua nimefika wapi."

Umi akamtazama, kisha akatazama barabara nyuma. Mbali, vumbi lilikuwa likinyanyuka.

"Baba," akasema, "leo usimsalimie mtu."

"Nitawaambia nini?"

"Watasalimiwa tukirudi. Wote. Tutashuka na gari la salamu tupu."

Mzee Benedikto akakanyaga mafuta. Gari lililokuwa likipumua kizee likaruka mbele, cherehani ikaanza kushona. Kona ya kwanza akapunguza, akageuza, akagusa mafuta, na lilikuja pale pale bila kumngoja. "Eeh!" akasema mzee. Kona ya pili ilitokea filimbi. Fiiii! Gari jeupe lilikuwa limefika nyuma yao, vioo vyeusi, taa zinawaka mchana.

"Huyo Hussen," mzee akasema kati ya meno.

"Tazama mbele, baba."

Ilikuwa kama Umi alivyopiga hesabu. Kwenye kila kona magari yote mawili yalipunguza mwendo, lakini Mark II ilitoka konani papo hapo, na gari jeupe lilihitaji pumzi moja ya kungoja, kisha likaja kwa hasira, halafu kona nyingine ikalikata hasira hiyo. Pembeni ya barabara Brigita alikuwa amesimama na ndoo yake, mkono umeshainuka kusalimia. Walimpita. Mzee Benedikto akatoa sauti ya maumivu ya kweli. Walipomaliza kona ya mwisho, gari jeupe lilikuwa limebaki nyuma urefu wa kiwanja cha mpira, na vumbi lote la mlima, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, lilikuwa la gari hilo.

Mzee akacheka, akapiga usukani. "Ale! Ale vumbi leo! Amelikosa miaka minne!"

Hapo ndipo ilipoanza barabara ya kunyooka kati ya mitiki.

Umi aliisikia kabla ya kuiona. Filimbi haikukatika tena. Hakukuwa na kona ya kuikata. Ilipanda, ikapanda, na kwenye kioo gari jeupe likakua kutoka sisimizi hadi mbuzi, kutoka mbuzi hadi ng'ombe. Mzee alikuwa ameshakanyaga mwisho. Cherehani ililia kwa nguvu zake zote. Gari jeupe likaja ubavuni, likakaa hapo kidogo kana kwamba linawachungulia, likapiga honi mara mbili, likaenda.

"Jina la Jenipher liandikwe," Umi akajisemea kwa sauti ndogo.

Nyumba ya Mama Veronika, mama yao Benedikto, ilikuwa mwisho wa ile barabara. Uwanja ulijaa ndugu, masufuria, na watoto wa kipaimara waliovaa meupe. Bibi mwenyewe, mwenye miaka themanini na kitu, alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka. Gari jeupe liliingia uwanjani, likageuka nusu duara, likasimama. Mark II ikaingia nyuma yake. Mzee Benedikto akashuka kabla vumbi halijatua, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva wa gari jeupe, kidole kimeshanyooka.

"Shemeji Hussen! Leo utashuka hapa uniambie mbele ya mama yangu—"

Mlango ukafunguka. Akashuka Monika.

Alikuwa amefunga kilemba, amevaa gauni la sherehe, miguu mitupu, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana aliyeiba embe. Kisha akatazama huku na huku, akaona mkeka, akamwona mama yake, na mng'ao wote ukamtoka.

Mlango wa nyuma ukafunguka polepole. Akashuka Hussen, mtu mnene mpole, kofia mkononi, midomo bado inamalizia dua. Akashika paa la gari mpaka miguu ikazoea ardhi.

"Shemeji," akasema. "Njiani kwema?"

Mzee Benedikto alibaki na kidole chake hewani. "Wewe... hukuwa wewe?"

"Mimi?" Hussen akasema. "Shemeji, mimi mlimani siwezi. Naona kizunguzungu hata nikipanda kitanda. Tangu tuoane, dereva ni huyu."

"Miaka minne nakutukana!"

"Nasikia, ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, ingebidi mama asikie." Hussen akainamisha kichwa kuelekea mkekani.

Ndipo Umi akaelezwa, na shangazi mmoja aliyekuwa akichagua mchele kando yake, kisa ambacho ukoo mzima ulikijua. Monika alipokuwa na miaka tisa aliiba baiskeli ya baba yake, akashuka nayo mlima wa Rondo, akavunjika mfupa wa bega. Mama Veronika alimwapisha, pale pale kitandani, kwamba hatashika tena usukani wa chombo chochote chenye magurudumu maadamu mama yu hai. Kwa hiyo kila safari, mke na mume walikuwa wakisimama kwenye mitiki kabla ya nyumba, wanabadilishana viti, Hussen anaingia uwanjani kwa mwendo wa kinyonga, anashuka, anapewa chai. Leo Monika alikuwa amekazana kumpita kaka yake mpaka akasahau kusimama kwenye mitiki.

Uwanja mzima uligeukia mkekani. 

"Monika," Mama Veronika akaita.

"Abee, mama."

"Njoo hapa."

Monika akaenda, akapiga magoti kwenye ncha ya mkeka, mwanamke wa miaka arobaini na sita na watoto watatu. "Nisamehe, mama. Niliapa."

Bibi akamtazama. Akalitazama gari jeupe. Akamtazama Benedikto, aliyekuwa bado hajajua pa kukiweka kidole chake.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatangulia miaka yote hii?"

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu nina kliniki ya macho Lindi," bibi akasema. "Kila mwezi kaka yako ananipeleka, na kila mwezi nakuta daktari ameshaondoka, kwa sababu Bene anauliza habari za mguu wa Romani. Utanipeleka wewe. Na kiapo nimekufungua. Bega lenyewe lilishapona."

Kicheko kilichotoka uwanjani kiliwatisha kuku. Mzee Benedikto ndiye aliyecheka mwisho, lakini alipoanza alishindwa kunyamaza. Akamkumbatia Hussen, akamwomba radhi kwa matusi yote, yale aliyoyatamka na yale aliyoyafikiri tu, na Hussen akasema ya kufikiri hayahesabiki, tule.

Baada ya pilau, Umi akamwona Monika amesimama mbele ya Mark II, mikono nyuma, anaitazama boneti kama mtu anayetaka kugonga mlango wa mtu mkubwa.

"Dada Monika, fungua tu," Umi akasema.

Wakafungua maboneti yote mawili. Wanaume wakaja, wakazunguka, wakatoa maoni. Wanawake wale wawili hawakuwasikia.

"Kwenye kona mlinitoroka," Monika akasema. "Mimi sijawahi kutorokwa kwenye kona. Hiki ni nini?"

Umi akamwonyesha mkanda, puli, na ile supachaja iliyolala juu ya injini kama mtoto mgongoni. Monika akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo yako haisinzii? Yangu inasinzia kila kona. Ndiyo maana mimi siachi mafuta yote. Naishikilia gia ndogo, nagusa mafuta mapema kabla sijamaliza kugeuza, ili nikinyoosha iwe imeshaamka."

Umi akamtazama. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Nani anifundishe? Nilikuwa nasikia mluzi ukifa, nikawa siupendi ukifa."

Umi alikuwa amekaa darasani miezi mingi kwa ajili ya jambo hilo hilo, mwalimu akichora ubaoni. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kukutana na mwanamke mwingine anayeisikiliza injini namna ile. Jenipher alisikia umeme. Huyu alisikia pumzi. Akahisi kitu kama mtu aliyekuwa akiongea lugha ya kwao ugenini, mara mtu nyuma yake akamjibu.

Masufuria ya kuazima yalitakiwa kurudishwa kwa jirani wa mbali. Monika akaomba kwenda na Mark II. Mzee Benedikto alitazama pembeni, jambo ambalo kwake lilikuwa ruhusa. Umi akapewa funguo za gari jeupe. Kwenye mitiki akakanyaga. Kwanza hakikuja kitu. Akahesabu moja, akahesabu mbili, akaanza kumwazia Monika vibaya, kisha mluzi ukapanda na mkono mkubwa laini ukamsukuma mgongoni, miti ikaanza kukimbia, na Umi akacheka peke yake kwa sauti, kicheko ambacho hangependa wateja wake wakisikie. Nyuma yake masufuria ya watu yalipigana kama ngoma.

Walipokutana kwa jirani, Monika alikuwa ameshafika. Njia ya kwa jirani ilikuwa na kona tano.

"Yako tamu," Monika akasema. "Inatii."

"Na yako ina siri," Umi akasema. "Inakuweka ungoje, halafu inakulipa."

Jumatatu Mama Veronika aliwahi kliniki mpaka akamkuta mfagizi. Alhamisi iliyofuata, geti la bluu la Mitwero lilifunguliwa na gari jeupe likaingia, Monika kwenye usukani, vioo ameshusha vyote vinne. Alileta gari kubadilishwa oili, alisema. Lakini oili ilipokwisha kubadilishwa hakuondoka. Alizunguka zunguka, akamsalimia Jenipher aliyekuwa chini ya Hiace, akabishana naye kidogo kuhusu tabo wakakuta wanakubaliana, ikawa hakuna raha. Mwisho akamsogelea Umi.

"Nataka kuiona ndani," akasema. "Hiyo tabo. Nataka kujua kinachopiga mluzi ni nini."

"Itachukua mchana mzima."

"Hussen amepika."

Umi akamtazama kutoka kilemba hadi viatu. Akaenda ukutani, akachukua ovaroli yake ya akiba, akampa. Monika alipokwisha kuivaa, mikono ilikuwa mirefu kupita vidole, na Umi akamkunjia. Kisha akamwekea kiganjani spana namba kumi na mbili, akamwonyesha nati ya kwanza.

"Anza na hiyo. Inafunguka kushoto."